Dada wa Likoni, hiyo bajeti usiitume

Usitume. Hata kama mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa, hata kama mshauri amekwisha piga chapa na kubana karatasi, hiyo bajeti usiitume.

Kwa mnaoingia sasa: dada ana kikundi Likoni, Mombasa. Wanaomba shilingi milioni 3 za mwaka mmoja, wawapikie wazee 80 chakula cha mchana siku tatu kwa wiki, na vijana 30 wafunzwe ushonaji na ufundi wa umeme. Ameuliza mambo matatu: waombe kwa wafadhili gani, cheti cha kikundi kinatosha au wajisajili upya, na ripoti ya mfadhili huandikwaje. Kisha mwishoni, kwa kupitia tu, akataja kwamba mshauri amewaambia gharama za uendeshaji waziandike sifuri "ili mfadhili aone pesa zote zinakwenda kwa maskini", na kwamba yeye mshauri atachukua asilimia 10 yake zikiingia.

Hilo la mwisho ndilo swali. Hayo matatu yangoje.

Nimezichukua tarakimu zako mwenyewe. Sahani 80, mara 3 kwa wiki, wiki 48, ni sahani 11,520. Kwa shilingi 120 kila moja ni 1,382,400. Ada ya vijana 30 kwa 25,000 ni 750,000. Vifaa vya kuanzia kazi, 15,000 kila kijana, ni 450,000. Mratibu 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Zikabaki 57,600 mkaziandika "mengineyo". Jumla milioni 3 kamili, na milioni 3 ndicho kiwango cha juu cha mfadhili. Yaani mshauri alianza na jumla akarudi nyuma, na afisa wa ruzuku yeyote atalitambua hilo kabla chai haijapoa.

Haya, nani anapika?

Hiyo 120 ni mchele, maharagwe, mchicha, nazi na mafuta, na ni bei nzuri ukinunua kwa gunia soko la Kongowea, ng'ambo ya feri. Lakini mchele haujipiki. Wapishi wawili kwa siku 144, tuseme 900 kwa siku kila mmoja, ni 259,200. Gesi: sufuria za watu 80 humaliza mtungi wa kilo 13 kwa siku nne hivi za kupika, mitungi 36 kwa 3,200 ni 115,200. Gunia litatokaje Kongowea lifike kwenu? Mtu wa miguu havuki feri kwa pesa, lakini pikapu hulipa, na mwenye pikapu naye hakuamka kutoa sadaka. Weka 2,000 kwa wiki, ni 96,000. Stoo isiyoingia panya, pamoja na kipembe cha kuweka meza na mafaili, 12,000 kwa mwezi, ni 144,000. Mtu wa kuandika vitabu vya hesabu siku chache kila mwezi, 10,000, ni 120,000. Mkaguzi wa hesabu, ambaye mfadhili mwenyewe ndiye atakayewadai mumlete, 100,000. Na mratibu wenu haishii 30,000. Mwajiri huongeza NSSF (akiba ya uzeeni) asilimia 6, yaani 1,800. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 450. Na 50 za NITA, tozo ya mafunzo ya viwandani. Hizo ni 2,300 kwa mwezi, 27,600 kwa mwaka. Ile asilimia 2.75 ya SHA, bima ya afya, hutoka kwenye mshahara wake yeye, lakini asipoelezwa siku ya kutia sahihi atasema mumemwibia.

Jumlisha: 862,000. Toa zile 57,600 za mengineyo. Pengo ni 804,400, zaidi ya robo ya ruzuku nzima, na mradi haujaanza.

Na pengo hilo halikai likingoja mwaka uishe. Mwezi wa kwanza wapishi wanajitolea, kila mtu ana moyo. Mwezi wa tatu mmoja amepata kazi hoteli za Diani, aliyebaki anataka kulipwa. Mwenye stoo anapiga simu asubuhi na jioni. Mratibu anachungulia akaunti, anaona ada za vijana zimelala pale hadi muhula uanze, anachukua 60,000, "tutazirudisha". Hazirudi, kwa sababu hakuna zitakakotoka. Mwezi unaofuata anachukua nyingine, safari hii bila kusema tutazirudisha.

Anakuja mkaguzi. Risiti za gesi zipo, stoo ipo, mpishi yupo na anamsalimu. Hakuna aliyekula hata senti. Lakini kwenye bajeti iliyotiwa sahihi hakuna kifungu kinachoitwa gesi, wala stoo, wala mpishi. Anaandika "gharama isiyokubalika", na gharama isiyokubalika hurudishwa kwa mfadhili. Irudishwe na nani, kikundi ambacho mapato yake mengine ni michango ya wanachama? Wakati huohuo fungu la mwisho la ruzuku, mara nyingi asilimia 10 au 20, limezuiliwa mpaka hesabu zifungwe. Kwa hivyo chuo kinawadai ada, mfadhili anawadai marejesho, na mzee wa mtaa anauliza mbona wazee wamekatiwa chakula. Wizi haukuwepo, na jina limeharibika vilevile. Mfadhili wa pili akiuliza kama mliwahi kurudisha pesa, na fomu nyingi zinauliza, mtajibu nini?

Usiniambie mtahamisha pesa kutoka kifungu kimoja hadi kingine. Mikataba mingi huruhusu kuhamisha kidogo, mara nyingi kama asilimia 10 ya kifungu. Zaidi ya hapo ni kwa idhini ya maandishi, na idhini hiyo huombwa kabla ya kutumia. Kufungua kifungu kipya kabisa karibu kila mara kunataka barua. Na barua yenyewe itasemaje? "Tulisahau kwamba chakula hupikwa"?

Sasa hawa washauri. Wa kwenu simjui na sitaki kumjua, lakini ndugu zake nawajua: laptopu moja, fulana ya kongamano, na pendekezo moja la mradi ambalo limewahi kuwa la Kilifi, likawa la Kwale, likawa la Tana River. Jina la kaunti hubadilishwa, mara nyingine kwenye ukurasa wa kwanza tu. Huyu ndiye anayewaambia mfadhili hapendi gharama za uendeshaji. Umoja wa Ulaya katika ruzuku zake hukubali hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya uendeshaji. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani ziliruhusu asilimia 10 kwa shirika lisilo na kiwango lililokubaliana na serikali hiyo, na tangu Oktoba 2024 zikapandisha hadi 15. Hawa ni watu wanaokagua risiti ya maji ya kunywa, na bado wanajua ofisi ina taa. Akiona sifuri hasemi "wacha Mungu hawa". Anajiuliza taa inalipwa na nani, na jibu linalomjia si zuri.

Tena mpishi, gesi, pikapu na stoo ya chakula si gharama za uendeshaji hata kidogo. Hizo ni gharama za moja kwa moja za mradi. Bila hizo hakuna sahani. Kila moja iwe na kifungu chake na jina lake. Asilimia ya uendeshaji ni ya vile visivyogawika kirahisi: umeme wa ofisi, simu, karatasi, muda wa katibu. Mkiwa na miradi miwili ndani ya chumba kimoja, kodi igawanywe kwa kipimo kilichoandikwa, kwa mfano saa za kazi za kila mradi, na karatasi ya saa itiwe sahihi kila mwezi. Mkaguzi hagombani na kipimo kilichoandikwa mapema.

Na ile asilimia 10 yake? Ni 300,000. Gawa kwa 120: sahani 2,500, yaani wazee wako 80 wasile kwa wiki kumi. Itatoka kifungu gani? Wafadhili wengi hawalipi gharama ya kabla ya mkataba, na malipo ya kutegemea ruzuku kuingia wengi wao wanayakataza kabisa. Mshauri hulipwa kwa kazi, kiasi kinachojulikana, kutoka mfuko wenu, ruzuku mpate au msipate. Na akilipwa 24,000 au zaidi kwa mwezi, mnamkata asilimia 5 ya kodi na kuipeleka KRA, mamlaka ya kodi. Mwambie hilo uone kama atarudi.

Najua, mtasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nashtuka, ndiyo. Siku hizi mimi hulala na viatu.

Basi fanya hivi. Acha maneno matamu ya utangulizi, anza na sahani moja. Ifuate kutoka gunia hadi mkononi mwa mzee, na kila kitu kinachoiguza kiandike: nani anabeba, nani anaosha, maji ya mtungi yananunuliwa wapi, sabuni. Kila mstari uwe na idadi, kipimo, bei na mara ngapi. Kwa vitu vikubwa chukua bei za maandishi kutoka maduka matatu, zenye tarehe. Jumla ikizidi kiwango cha mfadhili, punguza watu, gharama usizifiche. Wazee 50 badala ya 80 ni sahani 7,200, yaani 864,000, na mitungi ya gesi inashuka hadi 24. Vijana 23 badala ya 30 wanashusha ada na vifaa kwa 280,000. Ukiweka na zile gharama zote nilizotaja, jumla inakuja 2,967,600. Wazee 50 wanaokula mwaka mzima ni hadithi nzuri kuliko 80 waliokula hadi Mei.

Hizo 32,400 zilizobaki usizichezee, kwa sababu hamkuandika Ramadhani. Likoni hiyo, wiki nne wazee wengi wamefunga, nani atakula wali saa saba? Mtapika futari: uji, viazi vya nazi, mihogo, tende. Na mwezi huo sokoni kila kitu kinapanda. Siku 12 kwa wazee 50 ni futari 600. Ikizidi sahani ya kawaida kwa 50 tu, 30,000 zimekwenda. Anayepika futari Pwani anajua hilo bila kalamu, lakini bajeti iliyotengenezwa na laptopu ya Tana River haijui Ramadhani huingia lini.

Jambo jingine la pesa hiyohiyo: uliza mkataba umeandikwa kwa sarafu gani. Mapema 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, na miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Ruzuku ya dola 20,000 ilikuwa milioni 3.2, ikageuka milioni 2.6, na bei ya gesi haikushuka kwa heshima yenu. Ukipewa kwa dola au yuro, piga hesabu kwa kiwango cha chini, na uombe kifungu cha dharura kama kinaruhusiwa.

Usajili: cheti chenu cha chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kinawafaa wafadhili wengi wadogo, mradi muda wake haujaisha, na PIN ya KRA na akaunti ya benki ziwe za kikundi, si za mwenyekiti. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ile iliyoanza kutumika 14 Mei 2024, ifikirieni mkikua. Si kazi ya wiki hii. Wafadhili: ruzuku ndogo za mashinani za ubalozi wa Japani ni za majengo na vifaa, mishahara na chakula hawalipi, kwa hivyo jiko lenu linaweza kuombewa huko, wali hapana. Kanada na Australia nao wana mifuko midogo kupitia balozi zao. Mifuko ya serikali, Uwezo na Hazina ya Wanawake, ni mikopo, mtu asikudanganye. Na orodha ya mshauri ikiwa bado ina USAID, iliyofungwa 1 Julai 2025, umejua aliinakili mwaka gani.

Lakini narudi palepale. Leo jioni mshauri mwache. Chukua jedwali umpelekee mama atakayepika, kaa naye nusu saa, na kwa kila anachokishika jikoni muulize nani anakilipia. Asichokiona kwenye karatasi ongeza hapohapo, punguza vijana wengine wawili ikibidi. Kisha libandike hapa Alhamisi, majina ya watu uyaondoe, tuliangalie mstari kwa mstari kabla hamjabonyeza kutuma.