Maswali yenu kuhusu kumbukizi ya Majimaji na pesa za umma

Februari ikikaribia, meseji zenu hunijia kwa fujo, nusu yake zikiwa zile zile za mwaka jana. Nilikaa kwenye meza ya uhasibu ya halmashauri moja ya kusini miaka 22, hivyo najua pesa za kumbukizi ya Vita vya Majimaji, vile wazee wetu walivyopigana na Mjerumani kuanzia 1905, hupita mlango gani na hutokea wapi. Nimechagua maswali tisa. Aliyeuliza kama maji ya Kinjikitile, mganga aliyewagawia wapiganaji maji ya kuwakinga na risasi, yalikuwa na dawa ya kweli amwulize mfamasia.

"Kwa nini Serikali isifute hizi kumbukizi, pesa zikajenga vyoo vya shule? Wafu hawali." (Mwalimu mstaafu, Namtumbo)

Mwalimu, hili nalijibu kwa mara ya nne, na mara zote nne limeulizwa na mwalimu. Wanaoliuliza huwa wanaikumbuka Desemba 2015, Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru, akatutuma sote kufagia, na shilingi bilioni 4 zikaenda kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco. Mwaka 2022 Rais Samia naye aliziahirisha, pesa zikaelekezwa kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Sikupinga hata mara moja. Uhuru una gwaride, ndege, magari na wageni wa kitaifa, na ukiruka mwaka mmoja hakuna mtoto atakayesahau kwamba tuko huru.

Ya Songea ni habari nyingine. Ni siku tatu, 25 hadi 27 Februari, kwenye viwanja vya Makumbusho ya Majimaji, na fungu lake ukilipeleka kwenye vyoo utanunua milango, kuta utadaiwa. Katika miaka yangu 22 sikuona halmashauri iliyokosa vyoo kwa sababu ya kumbukizi. Niliona zilizokosa vyoo kwa sababu ya ziara za mafunzo, lakini hizo hakuna anayeniandikia kuziulizia.

Ungeniuliza hivi ningekuheshimu zaidi: asubuhi ya 28 Februari, wageni wakishaondoka, pesa ile imeacha nini pale? Mwaka mmoja ilipita mikononi mwangu hati ya malipo ya kumbukizi ya wilayani kwetu. Fulana. Kofia. Turubai tatu. Vitambaa vyeupe vya viti vya wageni maalumu. Muziki. Posho ya kamati ya maandalizi, watu 19, waliokaa vikao saba, na kwa mujibu wa mihtasari yao vikao viwili kati ya hivyo vilijadili rangi ya fulana. Nikatafuta makaburi kwenye ile orodha, yale tuliyokuwa tunakwenda kuyakumbuka, sikuyaona. Hata mfuko mmoja wa saruji haukuwamo. Nikamwuliza mkubwa wangu. Akanijibu, "Makaburi yapo tu, hayakimbii." Hati ikalipwa. Nami nilitia saini, nisijifanye malaika.

"Halmashauri inaruhusiwa kutumia mapato ya ndani kwa kumbukizi?" (Diwani, hakutaka kata yake itajwe)

Ndiyo, kama ilikuwamo kwenye bajeti mliyoipitisha wenyewe, Mheshimiwa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, kwa hiyo shughuli ya Februari inaombewa pesa kwenye vikao vya mwaka wa nyuma yake. Ukiisikia kwa mara ya kwanza mwezi wa Januari, ujue kuna fungu jingine linakatwa miguu ili hili lisimame.

"Mtendaji wa kijiji anapita kaya kwa kaya akidai shilingi 5,000 za kumbukizi. Nimlipe?" (Msomaji, Mbinga)

Mwulize mambo mawili. Mkutano Mkuu wa Kijiji uliupitisha lini mchango huo, na mnipe muhtasari niuone. Pili, risiti iko wapi: ile ya mashine ya POS, au namba ya malipo unayolipia benki ama kwa simu. Daftari la mistari lenye jina lako na tiki pembeni si risiti, hata likiwa na mhuri.

Ukitaka kuchangia kwa mapenzi yako, changia. Mahindi, kuni, kuku, hata kulaza mgeni nyumbani kwako. Wazee wetu walichangia vita yenyewe hivyo hivyo. Ila anayekutishia kwamba usipolipa hutapewa barua ya utambulisho, huyo anakusanya kodi asiyotumwa na mtu. Na niwaonye, maana wengi mnalipa kwa aibu ya "tusionekane hatuwaheshimu mashujaa": watu wa Umatumbi, kule Kilwa, waling'oa pamba ya Mjerumani kwa sababu walichoka kulimishwa shamba ambalo hesabu yake hawakuonyeshwa. Kudai risiti ni kuwaheshimu vya kutosha.

"Vita vilianzia kwetu, lakini kila pesa inakwenda Songea. Sisi hatuna mashujaa?" (Kijana wa Kilwa)

Hapa una haki, na nitasema ambayo marafiki zangu wa Songea hawatayapenda.

Ilianzia kwenu, Julai 1905, pale Nandete, kwa kung'oa pamba. Kinjikitile Ngwale alikuwa mtu wa Ngarambe, upande wa Rufiji, na Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa haijatimiza hata wiki tatu. Wangoni wa Songea waliingia Septemba. Katikati hapo Liwale ilishaanguka na boma la Mahenge lilishashambuliwa. Kwa hiyo ukiichora ramani ya vita hii, Songea ni sura moja tu ya kitabu kinene.

Sasa kwa nini pesa iende kule? Kwa sababu Songea kuna jengo. Kuna makumbusho yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, kuna watumishi wenye mishahara, kuna Uwanja wa Majimaji, kuna hoteli, kuna lami mpaka mlangoni. Mgeni rasmi anafika asubuhi, anaweka shada, saa nane yuko mezani. Nandete kuna mnara na barabara ambayo masika huwa mto. Pesa ya umma hufuata ilikofika lami, na hilo halihusu historia tu, angalieni hata hospitali.

Ushauri wangu ni kwamba msidai tamasha. Mkilipata mtapewa turubai na posho kama wengine. Daini barabara ya kufika kwenye mnara, kibao chenye maelezo sahihi, na mtunza eneo mmoja anayelipwa kila mwezi. Huyo mmoja ana faida kuliko wageni rasmi kumi wa siku moja.

"Mimi ni mama lishe. Mwaka juzi nililisha wageni wa kumbukizi zaidi ya mia mbili, mpaka leo sijalipwa. Nifanyeje?"

Pole mama. Ulipewa LPO, ile hati ya kuagiza bidhaa au huduma? Najua jibu: afisa alikupigia simu usiku, akasema "pika tu, tutamalizana." Hapo ndipo ulipoibiwa, wala si siku ya kula.

Fanya hivi. Andika barua ya madai kwa Mkurugenzi, taja tarehe, idadi ya sahani, bei, na jina la aliyekuagiza. Ambatisha chochote ulicho nacho: meseji, picha za sufuria, karatasi ya mahudhurio ya wageni. Ipeleke masijala, igongewe mhuri wa kupokelewa, nakala ubaki nayo. Halafu omba deni lako liingizwe kwenye orodha ya madeni ya wazabuni, maana deni lisiloandikwa kwa mkaguzi halipo. Na uchunguze jambo moja kwa upole: inawezekana pesa yako ilishatoka kama masurufu, yaani pesa ya kazi aliyokabidhiwa afisa huyo huyo, akaitolea hesabu kwa risiti ya mpishi mwingine. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja, na mpishi wa kwenye risiti alikuwa shemeji.

Safari ijayo, bila LPO usiwashe jiko. Manunuzi ya Serikali siku hizi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, kwa hiyo jisajili, au jiunge na kikundi kilichosajiliwa. Anayekuambia mfumo unasumbua, pika kesho kutwa, mwambie na wewe moto unasumbua.

"Sahihi ni Uasi wa Majimaji au Vita vya Majimaji?" (Watu watano)

Vita. Uasi ni neno la aliyekuwa anatawala.

"Wajerumani ndio walioua, kwa nini wasilipie hizi kumbukizi?" (Msomaji, Songea Mjini)

Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo kwenu 1 Novemba 2023, akaomba radhi, akakutana na ukoo wa Songea Mbano, nduna (jemadari) wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani; ukoo huo miaka yote umekuwa ukiuliza kichwa cha babu yao kiko wapi. Aliahidi kwamba kitatafutwa. Hilo ndilo deni la kwanza, na halilipwi kwa fulana.

Kuhusu pesa, itazameni Namibia kabla hamjashangilia. Mwaka 2021 Ujerumani ilikubali kutoa euro bilioni 1.1 kwa miaka 30 kwa ajili ya mauaji ya Waherero na Wanama, lakini ikakataa katakata kuiita fidia. Iliitwa miradi ya maendeleo, mazungumzo yakawa baina ya serikali mbili, na wazao wengi wa waliouawa wakaikataa wakisema hawakuwapo mezani. Ikija kwetu kwa mtindo huo, itaingia kwa mlango ule ule wa semina na posho ninaoujua mimi. Kwa hiyo kwanza mifupa, na orodha ya vitu vyetu vilivyoko kwenye makumbusho zao. Baadaye pesa, na koo ziwemo kwenye meza hiyo kabla ya wakurugenzi.

Ila sitaki wao walipie kumbukizi yenyewe. Mfiwa hakubali aliyemuua ndugu yake achinje ng'ombe wa matanga.

"Kila mwaka tunaambiwa mashujaa 67. Ndio hao tu waliokufa?" (Mwanafunzi, Tunduru)

Umenifurahisha, mwanangu. Hao 67 ni wale ambao Songea inawakumbuka kwa majina: Nkosi (chifu) Mputa Gama na wenzake walionyongwa 27 Februari 1906, nduna Songea Mbano mwenye kaburi lake peke yake, na Nkomanile, mwanamke pekee kati yao, ambaye kwenye hotuba hutajwa akibahatika.

Waliokufa katika vita nzima, Wajerumani wenyewe walikadiria 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi wala kamba. Waliuawa na njaa. Kapteni Wangenheim aliandika kwamba njaa na dhiki pekee ndizo zitakazowatiisha watu hawa, na askari wakachoma maghala, wakateketeza mashamba, wakachukua mifugo. Waliokufa hivyo walikuwa kina mama, watoto na vikongwe, njiani, porini, bila kaburi la kulipaka chokaa.

Sasa tafuta kwenye bajeti yoyote ya kumbukizi shilingi moja iliyotengwa kwa ajili ya hao. Mimi nilitafuta miaka 22. Shujaa wa kunyongwa ana jina na ukoo wa kumdai, na ana sanamu ambayo mgeni rasmi anapiga nayo picha. Bibi aliyekufa akichimba mizizi ya porini hana kamati. Ukiwa mkubwa, ukawa diwani, Mungu akuepushe, simama uulize hilo.

"Babu yangu mzaa babu alikuwa askari wa Mjerumani wakati wa Majimaji. Nikihudhuria kumbukizi nitafukuzwa?" (Hakutaja anakoishi)

Hutafukuzwa. Vita ile Mjerumani aliipigana kwa mikono ya Waafrika. Wazungu walikuwa wachache, na wengi waliofyatua bunduki walikuwa weusi kama mimi na wewe, wengine wametoka Sudan, wengine hapa hapa nchini. Nenda. Na kama nyumbani kwenu kuna picha, barua, kifungo cha sare, au hata hadithi ambayo mzee aliisimulia akiwa amelewa, usiifiche kwa aibu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka vijijini wakiandika yale wazee waliyoyaona kwa macho yao. Wale wazee wote wamekwisha. Tulichobaki nacho ni wajukuu wao, nao wamezeeka, na hakuna halmashauri ninayoijua iliyotenga hata pesa ya madaftari kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo anza mwenyewe. Simu yako inarekodi. Mkalishe mzee kivulini asubuhi, kabla jua halijamchosha, mwache aseme kwa lugha ya nyumbani, usimkatize kumrudisha kwenye Kiswahili. Taja mwanzoni tarehe, kijiji na jina lake. Nakala moja baki nayo, nyingine peleka makumbusho, uandikishe kwamba umeipeleka. Na usiende mikono mitupu: sukari kilo mbili, na sabuni ya bibi.