Barua kwa mwanangu: Rosh Hashana haitafika Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Umeniandikia kwamba hapo Arusha, kwenye kampuni mnakopangia watalii safari, wageni kutoka Israeli huja kwa wingi nyakati za sikukuu zao, nawe umeanza kuziandika tarehe. Rosh Hashana, yaani mwaka mpya wao, 2024 iliangukia 3 Oktoba, 2025 ikawa 23 Septemba, na 2026 ni 12 Septemba. Umeona inarudi nyuma siku kumi na ushei kila mwaka kama Ramadhani, ndipo ukauliza: si itafika Juni? Na vyumba vya miaka ijayo uviweke kwa hesabu gani?

Haitafika Juni, mwanangu. Mwaka 2027 itaruka mbele hadi 2 Oktoba. Ukishajua inarukaje, na kwa nini, mengine yote yatajipanga yenyewe.

Umelinganisha na Ramadhani, na nusu ya jambo umeipata. Mwezi wa Kiebrania nao huanza pale mwezi unapoandama, na miezi kumi na miwili ya namna hiyo ni siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kalenda ya Kiislamu huuacha upungufu huo uendelee, ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Wayahudi hawawezi kuuacha. Torati imeifunga Pasaka yao kwenye mwezi wa Abibu, na neno hilo maana yake ni masuke mabichi ya shayiri. Katika siku za Pasaka mganda wa kwanza wa shayiri ulipelekwa Hekaluni. Mwezi ukirudi nyuma mpaka shayiri haijatoa masuke, huna cha kupeleka. Kwa hiyo kalenda yao inatumikia mabwana wawili: mwezi kwa tarehe, jua kwa majira.

Dawa yake ni kuongeza mwezi mzima. Katika kila miaka 19, miaka 12 ina miezi 12 na miaka 7 ina miezi 13. Jumla ni miezi 235, ambayo inalingana na miaka 19 ya jua kwa tofauti ya saa chache tu. Kuujua mwaka wa miezi 13 ni rahisi: chukua namba ya mwaka wa Kiebrania, igawe kwa 19, utazame baki. Baki ikiwa 3, 6, 8, 11, 14, 17 au 0, mwaka huo ni mrefu. Mwaka unaoanza Septemba 2026 ni 5787. Toa 5776, yaani 19 mara 304, inabaki 11, basi ni mrefu: una siku 385. Ndiyo sababu Rosh Hashana ya 2027 inaruka.

Namba yenyewe ya mwaka utaipata kwa kuongeza 3760 kwenye mwaka wetu kama Rosh Hashana haijafika, na 3761 ikishapita. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa hudhani mwaka hubadilika Januari. Tena kuna jambo lingine linalowatatiza wanaosoma Biblia: Rosh Hashana iko tarehe 1 Tishri, na Tishri katika Torati ni mwezi wa saba. Miezi huhesabiwa kuanzia Nisani, mwezi wa Pasaka, lakini namba ya mwaka hubadilika Tishri. Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, inataja mianzo minne ya mwaka: 1 Nisani kwa wafalme na sikukuu, 1 Eluli kwa zaka ya mifugo, 1 Tishri kwa miaka, na 15 Shevati kwa miti. Kila mmoja una kazi yake, na haugombani na mwingine.

Mwezi wa ziada huwekwa kabla ya Nisani. Hupatikana Adari wa kwanza, wa siku 30, na Adari wa pili, wa siku 29. Purimu, sikukuu ya kukumbuka kuokolewa kwao siku za Esta, huwa kwenye Adari wa pili, ili isiachane na Pasaka. Kati ya Purimu na Pasaka ni siku 30, mwaka uwe mfupi au mrefu.

Sasa habari ya kuandama. Zamani hawakuwa na kalenda iliyoandikwa. Mashahidi walikuja mbele ya mahakama wakasema wameuona mwezi, wakahojiwa, ndipo mwezi mpya ukatangazwa. Habari ilipelekwa kwa moto juu ya vilele, kuanzia Mlima wa Mizeituni, kilele kwa kilele kuelekea Babeli. Mishna inasema Wasamaria waliwasha mioto ya kupotosha, ikabidi watumwe wajumbe. Wajumbe hawakufika mbali kwa wakati, hivyo waliokaa nje ya nchi ya Israeli wakashika sikukuu siku mbili kwa tahadhari, isipokuwa Siku ya Upatanisho. Wewe uliyekulia kwenye mjadala wa kila mwaka wa "mwezi umeonekana wapi?" unaielewa shida hiyo bila kuelezwa zaidi. Mapokeo yao yanasema katika karne ya 4 kiongozi wao Hillel wa pili alitoa kanuni za hesabu, na leo hakuna anayesubiri shahidi.

Hesabu hiyo inaanza na wastani wa mwezi: siku 29, saa 12 na visehemu 793, ambapo saa moja ina visehemu 1080. Ni sawa na siku 29, saa 12, dakika 44 na sekunde tatu na theluthi. Utaipenda hii: saa zao za hesabu zinaanza kuhesabiwa jioni, saa kumi na mbili yetu, jua linapotua. Anayesema Kiswahili tayari anahesabu saa za usiku kuanzia hapo.

Na siku pia. Siku ya Kiyahudi huanza magharibi, kama wazee wetu wanaposema "usiku wa Ijumaa" wakimaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa. Hili ndilo kosa kubwa kwa wanaowawekea wageni nafasi. Ukiona kwenye kalenda "Siku ya Upatanisho, 21 Septemba 2026", mfungo unaanza Jumapili ya tarehe 20 kabla jua halijazama, na unaisha Jumatatu usiku nyota zikionekana. Ni kama saa 25 bila chakula wala maji. Chakula cha jioni cha Jumapili kiwe mezani mapema, watu wawe wamemaliza kula kabla ya saa kumi na mbili. Usiwapangie kuzunguka mbugani Jumatatu. Anayeshika sheria hapandi gari siku hiyo, wala siku ya Sabato.

Angalia pia majina ya siku. Kiebrania huhesabu kuanzia Jumapili: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi. Kwa hiyo "siku ya nne" yao ni Jumatano yetu. Mgeni akikuandikia kwa namba, geuza kwanza.

Rosh Hashana haianzi kamwe Jumapili, Jumatano wala Ijumaa. Ikiwa Jumatano, Siku ya Upatanisho inaangukia Ijumaa. Ikiwa Ijumaa, inaangukia Jumapili. Zote mbili zingeshikana na Sabato, siku mbili mfululizo bila kupika wala kuzika. Ikiwa Jumapili, siku ya saba ya sikukuu ya Vibanda ingekuwa Sabato, na ile desturi ya kupiga matawi ya mierebi isingefanyika. Hesabu ikidondokea siku hizo, mwaka unasogezwa mbele. Vilevile, mwandamo wa hesabu ukiwa saa sita mchana au baadaye, unasogezwa. Ili nafasi ipatikane, miezi miwili, Heshvani na Kislevu, hunyumbulika kati ya siku 29 na 30. Mwaka mfupi basi huwa na siku 353, 354 au 355. Mrefu 383, 384 au 385.

Kuanzia Nisani hadi Tishri hakuna kinachonyumbuka, na hapo ndipo faida yako ilipo. Kutoka siku ya kwanza ya Pasaka hadi Rosh Hashana inayofuata ni siku 163 daima. Pasaka ya 2026 ni Alhamisi, 2 Aprili; hesabu siku 163 unafika 12 Septemba. Na siku ya juma ambayo ni ya tatu ya Pasaka ndiyo itakayokuwa ya Rosh Hashana: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Ukijua tarehe moja, msimu mzima umeushika. Siku ya Upatanisho ni siku tisa baada ya Rosh Hashana, na Vibanda huanza siku kumi na nne baada yake, mwaka huo Jumamosi, 26 Septemba. Wiki hiyo ya Vibanda shule za Israeli zimefungwa, ndipo familia husafiri.

Kinyume chake, usithubutu kuhesabu Pasaka kwa kutumia Pasaka ya Kikristo. Mwaka 2026 zimekaribiana, 2 na 5 Aprili. Mwaka 2027 ya Kikristo ni 28 Machi, na ya Kiyahudi ni 22 Aprili, kwa sababu ya ule mwezi wa ziada. Ndivyo ilivyokuwa 2024 pia: 31 Machi kwa 23 Aprili.

Majira yanayofuatwa ni ya Israeli popote Myahudi alipo. Abayudaya wa Mbale, Uganda, jamii iliyoanza na Semei Kakungulu mwaka 1919, wanashika kalenda hiyohiyo. Siku ya kwanza ya Pasaka huombwa umande, kwa kuwa mvua za Israeli zinakwisha, wakati huku kwetu masika ndiyo yanashika kasi. Naipenda sana hiyo: watu wa Mbale, mvua ikiwapigia paa, wanaombea umande mashamba ya nchi nyingine.

Sasa jikoni, maana Pasaka ya 2027 inaanza Jumatano jioni, 21 Aprili, na ndiyo itakayowasumbua. Ngano, shayiri na nafaka za jamii hizo zikikutana na maji zikaachwa, huchachuka, na ni marufuku: mkate, chapati, maandazi, bia. Mkate wao usiochachwa lazima uokwe ndani ya dakika 18 tangu unga uguswe na maji, kwa hiyo msijaribu kuwatengenezea. Wali na ugali wa mahindi ni swali: wenye asili ya Ulaya wengi hawali siku hizo, wenye asili ya Yemeni au Iraki wengi hula wali. Viazi, ndizi, mayai na matunda havina ubishi, ila sufuria iliyopikiwa ugali wa ngano jana inaviharibu vyote kwa anayeshika sana. Nunueni sufuria mbili mpya na kisu kipya, mviweke kando na alama.

Israeli hushika Pasaka siku saba, nje siku nane, na Waisraeli walio safarini hawafanyi sawa wote. Waulize hilo, na habari ya wali, wanapolipa amana, wasije wakafika Kilimanjaro ndipo mpishi aanze kukimbia sokoni.

Baba yako