Chokoleti na mashimelo bila oveni, baridi ya Mbeya ifanye kazi

Mimi oveni sina. Nina jiko la gesi la plate mbili na jiko la mkaa ambalo likiwaka ni la maharage, maana huku kwetu juu maharage yanachukua mchana mzima. Kwa hiyo kila nikiona mtu anapika keki nilikuwa napita tu kama haijanihusu, mpaka siku nilipoonjeshwa hiki kitu kwenye sherehe ya ubatizo, chokoleti imeshikana na biskuti na karanga alafu katikati unakutana na mashimelo, yale malaini kama sponji, meupe na ya pinki, nikauliza umeokaje hii, dada akacheka akaniambia haiokwi.

Nimeitengeneza mara nyingi sana tangu hapo na nimeharibu mara kadhaa, ndo maana naandika.

Vitu ni hivi: chokoleti gramu 200, siagi vijiko vitatu vya chakula, biskuti za kawaida za chai gramu 100, mashimelo kama gramu 80 hivi, na karanga za kukaanga ngumi moja, zimemenywa maganda. Mimi naweka zile zenye chumvi kidogo, jaribu uone, utamu wa chokoleti unakuwa haukinaishi haraka. Zabibu kavu ukipenda weka, mimi sipendi.

Sasa hapo kwenye chokoleti soma nyuma ya pakiti kabla hujalipa. Kuna ambayo imetengenezwa na mafuta ya kakao yenyewe na kuna ambayo wametoa hayo mafuta wakaweka mafuta ya mimea mengine, ya mawese mara nyingi. Hiyo ya pili ni ya bei rahisi, inayeyuka bila kusumbua na inavumilia joto kidogo, ila mdomoni inaacha utelezi fulani kama umelamba mshumaa. Kwa watoto wa shule inafaa kabisa, kwa wageni nunua ya kwanza.

Na mashimelo pia soma. Yanashikwa na jelatini, na jelatini inatoka kwa wanyama, mara nyingi nguruwe. Nilishawahi kupeleka sahani kwa jirani yangu Msabato, mama wa heshima zake, akaniuliza kwa upole kabisa "humu kuna nini mwanangu?" nikabaki nahesabu vitu kwenye vidole nilipofika kwenye mashimelo nikajiuma ulimi. Yapo yenye jelatini ya ng'ombe na yapo yenye alama ya halali, kwa hiyo kama majirani zako ni Waislamu au Wasabato tafuta hayo, au acha mashimelo kabisa uongeze biskuti.

Kuyeyusha ndo kwenye kesi. Weka maji robo ya sufuria ndogo, juu yake kalisha bakuli la stili au la bati lenye chokoleti uliyoikatakata na siagi, bakuli lisiguse maji. Maji yakianza kutokota ZIMA jiko, mvuke uliobaki unatosha. Koroga taratibu na kijiko kikavu. Nasema kikavu kwa sababu mara ya kwanza mimi nilifunika bakuli na mfuniko ili iwahi, si tumezoea wali bwana, mvuke ukajikusanya kwenye mfuniko ukadondokea ndani, matone tu, na chokoleti yote ikagoma, ikawa chengachenga kama udongo wa kufyatulia tofali. Nikarudi dukani na hasira nikasema mmeniuzia iliyoexpire, yule kaka wa watu akaniangalia tu. Kumbe maji kidogo ndo adui, sukari na unga wa kakao vinadaka yale maji vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe. Ikikutokea usitupe, mimina maziwa ya moto kijiko kimoja kimoja huku unakoroga itarudi kuwa laini, haitaganda tena kama tulivyotaka ila unaimwagia kwenye maandazi au unaongeza maziwa watoto wanakunywa.

Ikishayeyuka usikimbilie kuchanganya. Epua, weka pembeni, subiri mpaka ukishika bakuli kwa kiganja unasikia vuguvugu tu. Ikiwa ya moto ukitia mashimelo yanayeyuka yanapotea, unabaki unatafuta hela yako imeenda wapi. Biskuti vunja kwa mkono vipande vya ukubwa wa kucha ya dole gumba, usisage. Changanya biskuti na karanga kwanza, mashimelo mwisho, geuzageuza mara chache, alafu mwaga kwenye chombo ulichotandika foili uliyoipaka siagi kidogo. Gandamiza na mgongo wa kijiko.

Kugandisha sasa, hapa ndo nawaonea huruma watu wa Dar. Mwezi wa sita na wa saba hapa Mbeya usiku unashuka chini ya nyuzi 10, wenzetu wa Makete ndo usiseme, wanaamkia sakitu kwenye majani. Mimi naweka chombo changu kwenye kibaraza cha nyuma, nafunikia beseni, juu ya beseni jiwe kwa ajili ya paka, asubuhi kimeganda tii bila kujali umeme umekatika au haujakatika. Miezi ya joto friji masaa mawili. Wakati wa kukata chovya kisu kwenye maji ya moto, KIFUTE kikauke, kata.

Ukiona siku ya pili juu pameweka weupeweupe usiogope, sio ukungu. Ni mafuta ya kakao yamepanda juu kwa sababu ya kupata joto alafu baridi, inaliwa vizuri tu.

Lingine lililonifundisha adabu ni safari. Shangazi yangu yuko Kyela, ana miti yake ya kakao nyuma ya nyumba kama watu wengi wa kule, na utotoni likizo zetu zilikuwa kupasua lile tunda na kunyonya ule utando mweupe mtamu wa kwenye mbegu, mbegu zenyewe tunarudisha maana ndo hela, zinavundikwa kama wiki alafu zinaanikwa juani, ile harufu ya kuvundika inakaa puani kwa kweli. Basi nikasema safari hii shangazi ale chokoleti. Nikatengeneza nzuri, nikapaki kwenye ndoo ndogo, ikapanda juu ya keria ya coaster. Mpaka Tukuyu kuna ubaridi wake na mvua, ila ukianza kuteremka kwenda ziwani unavua sweta, na mafuta ya kakao yanayeyuka kabla hayajafika nyuzi 37 za mwili wako, ndo maana chokoleti inayeyuka mdomoni, sasa kwenye keria na jua la Kyela ilikuwa na pa kujificha? Nimefika, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, nafungua ndoo, uji. Mashimelo yanaelea kama mabata. Tulikula kwa vijiko. Shangazi akaonja, akanyamaza, akaonja tena, akasema "kumbe tunachouza kwa kilo ndo hiki?" Yeye miaka yote hiyo anavundika kakao na chokoleti nzima hajawahi kuikuta dukani kwake ikiwa imenyooka, hali ya hewa inayopendwa na mti ndo hiyo hiyo inayoyeyusha chokoleti.

Siku hizi nikienda kule nabadilisha. Napika maziwa ya kopo yale mazito ya sukari, kopo moja, unga wa kakao vijiko vitatu na siagi kijiko kimoja, moto mdogo, dakika kama kumi nakoroga bila kuacha mpaka ukiburuta mwiko unaona chini ya sufuria pamebaki wazi. Naacha inapoa, natia biskuti, karanga na mashimelo, naviringisha madonge kwa mkono uliopakwa siagi. Hiyo inakuwa laini kama tofi na joto la Kyela inalivumilia, tena ni rahisi kuliko ya chokoleti. Mashimelo tu ndo nanunua huku huku Mbeya, sokoni Mwanjelwa, na kwenye coaster napakata mwenyewe, konda akitaka kuweka kwenye keria namwambia hapana kaka yangu, hii inakaa na mimi.