Nionyesheni lango kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ukilazimika kujificha ndani ya ngome moja, ya historia au ya hadithi, utachagua ipi? Vijana wengi hapa Moshi watataja kuta tatu za kuzuia majitu yanayokula watu katika Shingeki no Kyojin, katuni ya Hajime Isayama iliyotoka Japani kuanzia 2009 hadi 2021. Mita 50 kwenda juu: Maria nje, Rose katikati, Sina ndani kabisa. Mimi humo siingii.

Siyo kwa kuogopa majitu. Naogopa mpangilio. Lile jitu la mita 60 halihangaiki na ukuta wenyewe, linapiga teke lango. Na angalieni waliowekwa karibu na lango ni akina nani. Vitongoji vimechomozeshwa nje ya ukuta makusudi, majitu yavutwe na watu wa pale, jeshi lipunguziwe eneo la kulinda. Mfalme na wenye nazo wako Sina. Maria ilipovunjwa, wakimbizi waligeuka midomo ya kulishwa, wakapelekwa kwa maelfu kwenda "kukomboa ardhi", na wachache tu wakarudi. Anayesoma hayo akaona ni mambo ya majitu tu, arudie tena.

Sina kwetu Kilimanjaro ni jina la Mangi, yaani mtawala wa Kichagga, wa Kibosho. Ni sadfa tu, lakini vijana wangu hawaachi kuicheka. Naye alikuwa na boma la kuta za mawe, na Rindi, Mangi wa Moshi, alilijua vizuri. Mwaka 1891 kamanda Wissmann alipanda na jeshi la Wajerumani, watu wa Rindi wakiwa upande wake, na boma likatekwa. Silaha mpya zilifanya kazi yake, lakini jirani mwenye kinyongo naye hakukaa bure.

Mombasa ni kinyume. Waomani walipoizingira Fort Jesus, ngome ya Wareno, mwaka 1696, kuta zilizochorwa na Mtaliano Cairati zilisimama. Walioanguka ni watu. Maradhi na njaa viliwamaliza Wareno ndani kwa ndani, hadi ikafika siku ngome ya mfalme wa Ureno ikawa mikononi mwa Bwana Dau wa Faza na Waswahili wenzake. Msaada ulikuja kwa kusuasua, na Desemba 1698 Waomani wakaingia. Karibu miaka mitatu mmefungiwa na ukuta wenu wenyewe!

Kwa hiyo nachagua shimo. Wazee wa Kichagga walichimba mahandaki, ya Marangu yanatembelewa hadi leo, wakajificha humo na mifugo yao nyakati za vita na Wamasai. Mlango ni mwembamba: adui anaingia mmoja mmoja, kichwa kikitangulia, na aliyeko ndani anamsubiri gizani. Hakuna lango la kupigwa teke, wala kitongoji cha chambo. Mangi na mbuzi wanavuta hewa ile ile.

Mkisema handaki siyo ngome, basi niandikieni ngome ya Kumamoto huko Japani, katika kisiwa cha Kyushu alikozaliwa Isayama mwenyewe. Kuta zake za mawe zinapinda kadiri zinavyopanda, mpandaji akose pa kushika. Mwaka 1877 mnara mkuu uliungua, waasi kutoka Satsuma, kusini mwa Kyushu, wakaizingira ngome, na bado ikashikilia hadi jeshi la serikali likafika. Pale angalau kulikuwa na mtu njiani anakuja.