Umeme wa Ulaya haukatiki, eti

Kila mgao ukianza huko nyumbani Tanzania mnatuandikia yale yale: "Nyie wa Uingereza mnakula raha, umeme haukatiki." Haukatiki kweli, kwenye nguzo. Unakatika kwenye mita, ndani kwako, na jirani kawasha taa zote.

Vyumba vingi vya bei chee huku vina mita za kulipia kabla, ndugu zake LUKU. Ila ziko mbili, ya umeme na ya gesi, na gesi ndiyo inayopasha nyumba joto. Kila moja ina ada ya siku, utumie usitumie. Ya gesi ni kama peni 30. Kiangazi hakuna anayewasha hita, mtu anajisahau. Baridi ya Oktoba ikibisha hodi anaweka pauni 20, zote zinamezwa, maana siku 120 za ada ni pauni 36. Chumba bado barafu na bado anadaiwa. Kama kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021. Mliokaa miezi bila kununua umeme mnaijua. Dawa ni kuweka pauni mbili na ushee kila wiki, hata Julai. Na mkopo wa dharura wa mita, ukiugusa, unalipwa wenyewe kwanza ndipo upate yuniti.

Serikali ilisaidia, tusiwe wachoyo wa shukrani. Urusi ilipoivamia Ukraine gesi ikapaa bei, na Oktoba 2022 serikali ikabana bei ya yuniti ili nyumba ya matumizi ya kawaida ilipe kama pauni 2,500 kwa mwaka badala ya 3,549. Juu yake pauni 400 kwa awamu sita. Anayekatwa benki alizipata bila kuomba. Wa mita ya kadi ya zamani alitumiwa vocha, aipeleke dukani ndani ya siku 90. Umeshahama chumba? Barua yako iko mlangoni kwa watu. Msimu huo huo wasimamizi wa gridi wakaanza kuwalipa watu wapunguze matumizi ikielemewa, mfano tarehe 23 Januari 2023, saa 11 hadi 12 jioni. Sharti lake mita janja inayosomwa kila nusu saa, ambayo wa kadi ya zamani hana. Yaani mwenye njaa zaidi ndiye aliyekosa sahani.

Msije. Haya, mkija, msifike Novemba. Ukipewa chumba, usiguse kadi wala ufunguo wa kujazia mita alioacha mpangaji aliyetangulia: unaweza kubeba deni lake, likawa linakukata kila wiki. Siku ile ile piga picha namba za mita zote mbili, pigia kampuni, wakupe ufunguo wako. Una mtoto chini ya miaka mitano, jiandikishe kwenye daftari la wateja wa kipaumbele, ni bure. Kampuni ikitaka kukufungia mita ya kulipia kabla kwa lazima sababu ya deni, usitetemeke: kanuni za 2023 za Ofgem, msimamizi wa kampuni za umeme na gesi, zinawataka wakutafute angalau mara 10 kwanza, na mwenye mtoto chini ya miaka miwili hafungiwi.

Na aliye huku akisema Januari hana cha kutuma, muulize mita ya gesi inasomaje kabla hujampeleka kwa shangazi.