Kipimajoto kinasoma 101.3, mtoto ana homa?
Pole sana, dada yangu. Hiyo 101.3 kwenye kipimajoto ulicholetewa kutoka Marekani ni Farenhaiti. Toa 32, inabaki 69.3, gawa kwa 1.8, unapata 38.5 za Selsiasi. Hiyo ni homa kweli, maana inahesabiwa kuanzia 38. Na huku kwetu Mwanza usimpe dawa ya kushusha homa ukakaa kusubiri. Mpeleke leo hii akapimwe malaria.

Mimi changu nimekibandika plasta kwa nyuma, nikaandika kwa kalamu: 98.6 ni 37, 100.4 ni 38, 102.2 ni 39, 104 ni 40. Usiku wa manane mtoto analia, hesabu ya kugawa haipandi kabisa. Vingine vina kitufe cha kugeuza F iwe C, hebu kiangalie vizuri chako.