Mwanangu, picha hiyo haina miguu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Kisauni kwa dada yako hatujambo, ila joto tu. Ujumbe wako nimeupata na picha nimeiona. Wauliza kama huyo punda anayeuzwa elfu nane, aliyeko Hindi, huko bara, anafaa uache kazi siku nzima, uvuke kutoka Lamu hadi Mokowe, upande boda uende kumtazama, ama usijisumbue.

Nimemfanya dada yako aikuze hiyo picha mara tatu. Masikio yamesimama, macho maangavu, mgongo hauna kidonda. Zile nywele nyeupe mgongoni si rangi yake, ni makovu ya tandiko baya la zamani, lakini hilo si kosa, ni kazi. Tatizo ni kwamba amesimamishwa kwenye nyasi ndefu. Kuanzia magotini kwenda chini hakuna kitu.

Na punda hutazamwa miguuni. Nimekwambia hivyo tangu siku ulizokuwa ukimshika mkia kwa kuwa shingoni hufiki.

Pengine mwenyewe hana nia mbaya. Mtu wa shamba ana nyasi, atamsimamisha wapi? Haya. Lakini mimi nikiona punda ambaye miguu yake imefichwa, nakumbuka Mokowe.

Ya Mokowe unaijua anavyoisimulia mamako: mwaka 1997, mvua za El Nino, bangili zake mbili zimeuzwa, na mimi narudi na punda, Bahati. Jina alimpa yeye, kwa kejeli. Anachokisimulia ni kweli. Nilimtazama yule punda maji yamekupwa, juu ya mchanga ulioloa, na mchanga laini humpokea punda mgonjwa kama godoro. Alikwenda sawasawa. Nikamfunua mdomo mbele za watu, nikahesabu meno kama daktari. Meno yanasema umri tu: akitimia miaka mitano hivi ya mbele yote yameshabadilika, akizeeka yanarefuka na kuinamia mbele. Hayasemi lolote juu ya ukwato.

Tulipomshusha Lamu, kwenye sakafu ngumu ya gati, akaanza kupiga kichwa. Mguu wa kushoto wa mbele ukigusa chini, kichwa juu. Ukigusa, kichwa juu. Hivyo hivyo mpaka Langoni, na baraza zote zimejaa. Mtu mmoja akaniuliza kama nimemnunua mzima au nusu. Leo ni marehemu, nimemsamehe. Au karibu nimsamehe.

Sasa kuna kipande ambacho mamako hakijui. Siku zote amedhani nilidanganywa, nami nimemwacha adhani hivyo. Yule mzee aliyeniuzia hakunidanganya. Alianza na elfu tatu, nami nikashusha, nikashusha, na kila mara alikuwa anainama na kuugusa ule mguu. "Kijana, huyu mguu wake..." Nami namkatiza: "Punguza mia mbili." Akaanza tena, nikamkatiza tena, kwa kuwa nilidhani anatafuta njia ya kupandisha bei. Tulipofika elfu moja mia nane akanyamaza, akapokea pesa, akanitazama kwa muda. Yale macho ninayo mpaka leo.

Pale kituo cha matibabu ya punda, kilichofunguliwa 1987 na ambacho hakikuwahi kututoza hata senti, waliushika ukwato wakasema ni ugonjwa wa zamani. Mfupa wa ndani ulikuwa umeshateremka, na ukiteremka haurudi. Punda ni mvumilivu wa maumivu mno, huficha mpaka asiweze, kwa hiyo aliyejua hakika ni yule aliyeishi naye. Ndiye niliyemkatiza.

Je, nilipata hasara? Kwa hesabu, ndiyo. Shogi la mchanga mgongoni hakuwahi kulibeba. Madumu mawili ya maji, basi. Lakini alikaa kwetu miaka kumi na minne, na wewe ndiye uliyekuwa ukimgawia maganda ya embe, na akilia kabla ya adhana ya alfajiri mtaa mzima unaamka. Siku alipokufa mamako hakupika. Kwa hiyo sijui niite nini. Hapana, najua: ilikuwa hasara. Bangili zilikuwa bangili.

Nimetoka kwenye swali lako. Hindi. Elfu nane ni kidogo mno, na punda wa bei ya kutupa siku hizi huenda si mgonjwa, huenda ni wa wizi. Unakumbuka walivyokuwa wakiibwa machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi yalipoanza 2016, mpaka serikali ikapiga marufuku 2020, kisha mahakama ikaitengua marufuku hiyo. Umoja wa Afrika nao ulikataza biashara ya ngozi za punda 2024, lakini mwizi hasomi magazeti. Mwambie akuonyeshe barua ya chifu kwamba ni wake, na bila kibali cha daktari wa mifugo usimpandishe chomboni.

Niende au nisiende, wasema. Wewe una miaka thelathini, sitakuamulia. Ningekuwa mimi... basi, sisemi. Ila kabla ya kufunga safari mwombe picha nyingine, ya kwato nne, juu ya saruji au barabara, na video akitembea kuja na kurudi. Akituma, hiyo ni dalili njema. Akisema simu yake imeharibika, hilo ni jibu.

Ukienda, pesa ziache nyumbani. Mtembeze mahali pagumu, kisha umgeuze upande huu na upande ule, hapo ndipo mguu mbovu unapojitoa. Nyanyua kila ukwato, unuse chini yake, ukioza utausikia. Na kabla ya kutaja bei muulize mwenyewe kwa nini anauza, kisha unyamaze. Akinyamaza, wewe nyamaza zaidi.

Barua hii isome ukiwa peke yako. Mamako ameketi hapa ukumbini anachambua mchele, ameshaniuliza mara mbili naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia ni habari za lile paa linalovuja, kwa hiyo akikupigia simu, linavuja.

Babako